Mpole na Mlevi Katika Shamba Moja

Juni 11

Leo tumepanda. Daftari nililopewa na wilaya lina safu tatu tu: mvua, urefu wa miche, kazi iliyofanyika. Nimezijaza zote tatu na maneno bado yamenijaa mdomoni, ndiyo maana nimenunua daftari hili la pili. Hili hakuna afisa atakayelisoma, kwa hiyo humu nitasema ninavyotaka.

Mimi ni Bhagirathi, wa kijiji cha juu kabisa, pale ambapo barabara inachoka na kubaki njia ya mbuzi. Leseni ya kulima bangi ya dawa imeandikwa kwa jina langu, na kijiji kizima kimecheka. Bangi inajiotea yenyewe nyuma ya mazizi yetu tangu enzi za mababu. Nyuzi zake tunasokotea kamba, mbegu zake tunasaga chatne, na leo tumepewa karatasi yenye mihuri minne ya kuturuhusu kuipanda. Jirani yangu Jasuli ameuliza kama upupu nao utahitaji leseni. Hata hivyo, yeye na wanawake wengine watano wamenipa ngazi zao za shamba, vile vipande vilivyokatwa mlimani kama vidato, vilivyopakana na vyangu, maana peke yangu nisingetimiza eneo linalotakiwa. Wamenipa huku wakinicheka, lakini wamenipa.

Kubwa kuliko yote naliandika mara moja tu, nisije nikajitia kiwewe. Mume wangu, Baba Hema, alirudi nyumbani mwezi wa pili, baada ya miaka kumi na tisa ya kupika hotelini Delhi. Amerudi kwa neno langu. Tumepatana msimu mmoja: shamba likifaulu anabaki, likishindwa anarudi kwa tajiri wake baada ya Diwali, sikukuu ya taa, na mimi sitamuomba tena. Jina lake siliandiki. Sijawahi kulitamka tangu niolewe, na sitaanza leo kwa sababu nimeshika kalamu.

Juni 12

Manyunyu. Baba Hema amepika dengu kwa mtindo wa hoteli, na korosho juu. Mama mkwe amezitoa korosho moja moja, akaziweka pembeni ya sahani kama mawe.

Juni 20

Daktari Manorma amekuja kutoka chuo kikuu. Si daktari wa sindano, ni wa maabara. Ana umri wa binti yetu Hema, na anatembea matopeni kama paka aliyemwagiwa maji. Tumekaa barazani pa shule, wanawake saba na ubao mmoja. Mama mkwe wangu, Gopuli, alikuwepo pia, ingawa alisisitiza kuwa amefuata kivuli tu.

Daktari alisema kwamba katika utomvu wa maua ya bangi zimo kemikali zaidi ya mia, lakini sisi tuzijue mbili. Akaandika ubaoni tetrahidrokanabinoli, chini yake kanabidioli. Tukaangaliana. Jasuli akanyoosha mkono akauliza, "Daktari, hao hawana majina ya nyumbani?" Daktari akacheka, akasema wengi huwaita THC na CBD. Jasuli akasema hao bado ni wageni. Basi tukawapa majina sisi wenyewe: wa kwanza Mlevi, wa pili Mpole.

Mlevi ndiye anayepanda kichwani. Anachekesha, anatia njaa, na wengine anawatia hofu. Naye ana kazi zake hospitali, akipimwa kwa uangalifu: wagonjwa wa saratani wanaotapika kwa sababu ya dawa kali, na maumivu ya aina fulani. Mpole halewi wala halevyi. Kuna watoto wenye kifafa kisichosikia dawa nyingine, na kwa baadhi yao Mpole hupunguza degedege. Wote wawili wametoka tumbo moja. Mmea hutengeneza kwanza kemikali moja iliyo mama yao, kisha mbegu ndiyo inayoamua mama huyo azae nani kwa wingi. Mbegu yetu imechaguliwa ya Mpole, kwa ajili ya kiwanda cha dawa huko bondeni.

Mwanamke mmoja aliuliza kama Mpole anatibu magoti. Daktari akasema watu wanamsifia kwa kila kitu mpaka upara, lakini yaliyothibitishwa ni machache, na asinywe mtu bila daktari wake kujua, kwa kuwa Mpole hugombana na baadhi ya dawa nyingine. Hapo nilianza kumpenda kidogo.

Kisha akatutia baridi. Mlevi asizidi sehemu tatu katika elfu ya ua lililokauka. Afisa atakuja kukata sampuli. Mlevi akizidi, shamba lote linachomwa moto na leseni inafutwa. Mama mkwe akauliza, "Na ile ya nyuma ya zizi letu ni mbegu ya nani?" Daktari akamjibu kwamba ile ni ya Mlevi tangu zamani, ibaki hukohuko zizini na isiachwe ikachanua. Mama mkwe akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Tukamlisha daktari mikate ya ulezi na chatne ya mbegu za bangi. Dereva wake, mtu wa tambarare, alikataa chatne akisema lazima aendeshe. Daktari akamwambia mbegu hazina Mlevi wala Mpole, wote wanakaa kwenye utomvu wa maua. Dereva akala mkate mkavu hata hivyo.

Julai 2

Mvua kubwa imeingia. Miche imefika kifundo cha mguu.

Julai 5

Mvua.

Julai 6

Mvua. Baba Hema amepanga upya jiko langu lote. Nimetafuta chumvi nusu saa.

Julai 10

Asubuhi maji yalishuka mlimani kwa fujo na kupita juu ya ngazi ya nne na ya tano, zote zetu. Miche mingi imekwenda. Nimempigia Daktari Manorma akasema tuache mapengo yalivyo, mbegu nyingine hana. Mama mkwe alisimama chini ya mwavuli akiyatazama kwa muda mrefu. Katika kijiji hiki shamba lenye mapengo ni aibu ya nyumba. Ulezi ukifa mahali, unahamisha miche kutoka penye msongamano na kuziba, hata kama unaumwa. Nikamwambia hili ni shamba la dawa, lina sheria zake.

Julai 16

Harela, sikukuu yetu ya machipukizi. Mama mkwe ametuwekea machipukizi mabichi kichwani mmoja mmoja, akatuombea tuishi mpaka tutafune wali kwa ufizi. Alipomfikia mwanawe alimwongezea kiganja kizima. Ni mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa kumpata siku ya Harela. Mchana wote hakuonekana, jioni akarudi na kapu na tope mpaka magotini, akasema alikwenda kuliombea shamba. Ana miaka sabini na minne. Nimemgombeza kwa utelezi na kumkanda miguu.

Julai 23

Leo ng'ombe wetu amefungua kamba na kula rundo zima la miche tuliyoipunguza. Watoto wa shule, Jasuli na nusu ya kijiji walikuja kumtazama, wakingoja acheze ngoma. Alicheua, akalala, akaamka, akatoa maziwa kama kawaida. Nikampigia daktari kwa hofu ya maziwa. Akasema tusinywe maziwa yake kwa siku kadhaa, kwa tahadhari, lakini ng'ombe hatalewa kwa mzigo ule. Miche ni michanga na ya Mpole, na zaidi ya hapo, katika jani bichi hata Mlevi mwenyewe amelala. Anabeba asidi mgongoni, akasema, na bila moto haivui.

Nilipomweleza mama mkwe alinitazama kwa huruma. "Sasa hilo nalo mtu analisomea chuoni?"

Agosti 4

Tumeng'oa madume, kwa kuwa maua yenye utomvu ni ya majike, na majike yakipata chavua yanaacha utomvu yanakimbilia mbegu. Baba Hema alijitolea ngazi ya kwanza. Alipomaliza safu moja tukagundua ameng'oa majike. Jasuli amesema sasa anaelewa kwa nini Delhi ilimvumilia jikoni tu. Baba Hema mwenyewe akacheka. Zamani angenuna siku tatu. Au labda ndivyo alivyokuwa daima na mimi sikuwa na muda wa kumjua, maana likizo zake zilikuwa siku kumi na mbili kwa mwaka, na tano kati ya hizo zilikuwa za safari.

Agosti 17

Sikukuu ya samli. Asiyekula samli leo atazaliwa tena akiwa konokono, kwa hiyo Daktari Manorma, aliyekuja kupima urefu, alilishwa kwa nguvu. Mama mkwe alimpaka nyingine utosini. Wakaanza mazungumzo na mimi nikawa mkalimani wa watu wawili wanaosema lugha moja. Mama mkwe akaeleza jinsi bibi yake alivyotengeneza dawa ya maumivu: jani la zizini kwanza linakaangwa taratibu, halafu linachemshwa ndani ya samli, kamwe si maji, maana maji hayachukui kitu. Daktari akaacha kula. Akasema hivyo ndivyo ilivyo, wote wawili huyeyuka kwenye mafuta na si majini, na moto wa taratibu ndio unaomwamsha Mlevi. Akatoa kalamu akayaandika.

Mama mkwe amevimba kichwa tangu hapo. Ameniambia daktari yule ni msichana mwenye akili, inatosha tu mtu amfundishe.

Agosti 29

Jua. Shamba limefika kifuani, na harufu yake inafika shuleni. Ngazi ya nne na ya tano zimeziba vizuri ajabu, kuliko nilivyotegemea. Nafikiri miche iliyobaki imejitanua.

Septemba 14

Afisa amekuja, na mkasi, mifuko ya karatasi na uso wa mtu aliyekalia mwiba. Nilikuwa nimevaa sari niliyoivaa kwenye harusi ya Hema. Sheria inasema atembee ngazi zote na kukata hapa na pale. Lakini mama mkwe alimshika mkono, kweli alimshika mkono afisa wa serikali, akamwongoza mpaka ngazi ya nne. "Mwanangu, kata hapa. Wale wengine wembamba watakutia aibu huko uendako." Afisa akasita, lakini ni nani wa kumkatalia bibi kizee mwenye meno mawili? Akakata zaidi kwenye ile mirefu, minene, ya kijani kilichokolea. Sote tulisimama pale tukijivuna.

Septemba 15 hadi 25

Tunasubiri. Nimeandika "mvua kidogo" mara kumi na moja katika daftari la wilaya.

Septemba 27

Barua imekuja. Kumi na moja katika elfu.

Niliisoma nikidhani ni tarehe. Halafu nikaisoma tena. Tuna haki ya sampuli ya pili kabla ya katikati ya mwezi ujao, na ikizidi nayo, watakuja na mafuta ya taa. Wanawake wote sita walikuwa uani kwangu kabla chai haijachemka, na hakuna aliyecheka, jambo ambalo lilinitisha kuliko barua yenyewe. Ngazi nyingine zote ni za kwao. Walinipa kwa kuniamini.

Baba Hema aliichukua barua, akaikunja vizuri mara nne, akaenda kupasua kuni. Alipasua mpaka tukawa na kuni za majira mawili ya baridi. Baadaye nilikuwa nateka maji nyuma ya ukuta nikamsikia akiongea na tajiri wake kwenye simu. Alisema, "Ndiyo, baada ya Diwali. Inaelekea hivyo." Sauti yake ilikuwa ya heshima, ile ya hotelini.

Niliinama juu ya ndoo nikalia. Nimezoea kuishi bila mume, nilizoea vizuri sana, wanawake wa hapa wote tunajua. Kinachoniuma ni kwamba katika miezi hii saba nimezoea kuishi naye. Anaficha chumvi, anakoroma, anaweka korosho kila mahali, na mimi sitaki aende.

Oktoba 1

Leo nimekuwa mtu mbaya mara mbili.

Kwanza nilimpigia Daktari Manorma nikamwambia mbegu yake ni ya uongo, ametutumia sisi watu wa milimani kama panya wa maabara.  Akasema mbegu ya gunia hilohilo, iliyopandwa bonde la pili, imetoa mbili katika elfu. "Hata mimi silali vizuri, dada. Tatizo liko ndani ya shamba lako, na mimi silioni." Sikuomba radhi, nilikata.

Halafu nikaenda kwa Jasuli, ambaye zizi lake liko karibu kabisa na ngazi zetu. Nikamuuliza kama kuna kitu amekipanda huko kunichezea, maana tangu mwanzo amekuwa akinicheka.

Aliendelea kukamua mpaka akamaliza. "Bhagirathi, nimekupa ngazi mbili za marehemu mume wangu. Ningetaka kukuharibia si ningekunyima tu?"

 Nikarudi nyumbani, nikajiona mdogo kuliko punje.

Oktoba 3

Leo naandika kwa kirefu.

Baada ya kifungua kinywa tulikuwa barazani, mama mkwe na mimi, tukipukuchua maharagwe. Baba Hema alikuwa anatengeneza bawaba ya mlango. Mama mkwe aliona machozi yangu yakidondokea ungo, akanipiga kofi dogo la goti.

"Acha kulia, mwanangu. Kama wale wa daktari ni dhaifu, mpe afisa wale wangu. Si umeona walivyonawiri?"

Nikauliza wake wepi.

"Wale niliowahamisha siku ya Harela. Wa nyuma ya zizi. Kapu zima, nikaziba ngazi ya nne na ya tano. Ulifikiri mapengo yamejiziba yenyewe?"

Bawaba ilianguka. Nikamuuliza mama mkwe, taratibu, kama hakumsikia daktari akisema ile ni mbegu ya Mlevi na isitoke zizini. Akasema alimsikia vizuri sana, yeye si kiziwi. Ndiyo maana aliwatoa wangali wadogo, siku njema, akawatia nukta ya sinduri, ule unga mwekundu wa bibi harusi, kwenye udongo kila mmoja, akawakabidhi kwa shamba. Walikuwa wa zizini. Baada ya hapo walikuwa wa shamba.

"Wewe mwenyewe ulikuja hapa wa ukoo mwingine," akasema. "Ulipovuka kizingiti ukawa wetu. Nani leo anauliza ulizaliwa mbegu gani?"

Nilikaa na maharagwe mkononi. Miaka thelathini katika nyumba hii sikuwahi kumsikia akisema neno hilo, kwamba mimi ni wao. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kupiga kelele, yote kwa wakati mmoja. Mwisho nikamwambia ukweli. "Mama, mimi nilivuka kizingiti, lakini bado namwita paka kwa neno la kwetu. Mmea nao hausahau kwao. Ukiuhamisha unahama na utomvu wake."

Ilichukua muda kumfikia. Kisha nikaona inamfikia. Alikumbuka mkono wa afisa alioushika, akakumbuka alimpeleka wapi. Akafunika uso kwa ncha ya shela. Alisema kutoka humo ndani kwamba hakutaka watu waseme shamba la mwanawe lina mapengo, mwaka huu ambao mwanawe yupo kuliona.

Ndipo Baba Hema akaanza kucheka. Alikaa chini kabisa pale mlangoni akicheka hadi akashika mbavu. "Mama amemwoza Mlevi shambani," akasema. "Na sinduri juu." Mama mkwe akamrushia ganda la haragwe, halafu naye mabega yakaanza kumtikisika, na mimi nikashindwa kujizuia.

Tulipotulia, Baba Hema akashauri tuing'oe miche ile kimya kimya, nani atajua. Aliyekataa ni mama mkwe. Alisema alimshika afisa mkono mbele ya watu, na atamwambia mbele ya watu.

Nikampigia Daktari Manorma. Nikaomba radhi kwanza, kabla ya jambo lenyewe, nisije nikalimeza. Halafu nikaenda kwa Jasuli kwa miguu. Nilianza kumsimulia, nilipofika kwenye sinduri ilibidi ashike nguzo kwa kicheko.

Oktoba 5

Daktari Manorma amekuja na sanduku la vichupa. Unakata kipande cha ua, unakitia kichupani, unadondosha dawa mbili, unatikisa. Rangi ikiwa ya waridi, Mpole ndiye mwenye nyumba. Ikiwa buluu, ni Mlevi. Alikusudia kupima kila mche wa ngazi mbili zile, kazi ya siku tatu, na vichupa visingetosha.

Mama mkwe akaingia shambani bila kuambiwa. Akashika jani, akalisugua kati ya vidole, akanusa. "Huyu wa daktari." Mwingine. "Huyu wa daktari." Wa tatu akaunusa, akashusha macho. "Huyu wangu."

Daktari akadondosha dawa. Buluu, kama wino wa shule.

Tukaendelea hivyo kutwa nzima, bibi mbele na pua yake, daktari nyuma na vichupa, Jasuli na mimi tukifunga utepe mwekundu. Mama mkwe alikosea mara mbili tu. Mmoja wa daktari alimsingizia, na mmoja wake nusura umpite, akaurudia mwenyewe akisema huu una mafua. Tulipata thelathini na minane. Daktari amesema huenda harufu na kilevi havifuatani kila mahali, lakini kati ya mbegu hizi mbili vinafuatana, na yeye hajui mashine yenye haraka hiyo. Nilimtazama akimshika mama mkwe mkono kuvuka mfereji, viatu vyake vyote tope, na nikaona haya kwa yale maneno ya panya.

Oktoba 9

Afisa amekuja. Mama mkwe hakumngoja afike, alishuka kumlaki njiani, akaeleza yote, mpaka sinduri. Afisa alisikiliza na uso wake uleule wa mwiba. Akasema kwamba kwa kanuni angeweza kutuandika vibaya sana. Akatazama tepe thelathini na nane, na barua ya daktari, na vichupa vya buluu vilivyopangwa juu ya ukuta. Kisha akasema mmea wa kwanza ang'oe bibi mwenyewe, ili ripoti yake iwe kamili.

Aling'oa wote. Hakukubali kusaidiwa hata mmoja. Jasuli na wenzake walisimama karibu naye wakijifanya hawana kazi, wawe tayari kumdaka asianguke. Mirundo ikachomwa mbele ya afisa, upepo ukielekea msituni, na tukarudishwa mbali tusivute moshi. Halafu afisa akatembea ngazi zote moja moja, akakata hapa na pale kama sheria inavyosema. Mama mkwe alipomkaribia, aliweka mikono yake mwenyewe mgongoni asije akamshika.

Ngazi ya nne ina mapengo tena. Anayatazama kila asubuhi, anameza mate, anapita.

Oktoba 12

Baridi ya kwanza.

Oktoba 19

Tajiri wa Delhi amepiga simu. Baba Hema hakupokea.

Oktoba 24

Hakuna barua. Jasuli amesema tukichomewa shamba tukae upande moshi unakoelekea, angalau tucheke bure. Nimemkumbusha kwamba Mpole hachekeshi. Amesema ndiyo bahati yake ilivyo siku zote.

Novemba 3

Mbili katika elfu.

Mlevi mbili, Mpole arobaini na nane. Daktari Manorma amepiga simu kabla ya barua kwa kuwa hakuweza kungoja posta. Alikuwa anaongea na kulia na kucheka, sikuelewa nusu yake. Nimemuomba arudie namba mara tatu, na mara zote ilikuwa mbili. Nimetoka nje nikaita ngazi kwa ngazi, na wanawake wakajibu kutoka mlima mzima. Mama mkwe alipoelewa alitoa ombi moja tu: mwakani daktari aje na mbegu za kutosha, za akiba, maana ngazi ya nne haiwezi kukaa hivi.

Tutaanza kuvuna kesho.

Novemba 6

Tunavuna. Mikono yote inanata utomvu, haitoki kwa maji. Inatoka kwa samli.

Novemba 10

Diwali imepita. Lori la kiwanda limechukua mzigo wa kwanza, na wanawake sita wameniuliza kwa zamu nitawapangia nini mwakani. Hakuna aliyenicheka.

Leo asubuhi Baba Hema amempigia tajiri wake. Aliongea barazani, mbele yangu, kwa sauti yake ya nyumbani. Alimshukuru kwa miaka yote, akamtakia heri, akakata. Kisha akaniomba nyundo.

Katika miaka yote hii nguo zake hazijawahi kuhama kutoka mfuko wake wa safari akiwa hapa. Anafungua zipu, anatoa shati, anafunga zipu, mfuko unabaki pale mlangoni. Hata miezi hii ya shamba ilikuwa hivyohivyo. Mimi nikifagia nilikuwa nauzunguka.

Amepigilia msumari ukutani karibu na kitanda. Umekaa kombo, na chini kuliko ningependa, na plasta imebanduka kidogo. Akatundika koti lake la baridi, akarudi nyuma hatua mbili kulitazama. Akaniuliza kama liko sawa, nami nikamwambia liko sawa kabisa, apige na wa pili kwa ajili ya kofia.